Umemaliza PCB (fizikia, kemia, bayolojia) au CBG (kemia, bayolojia, jiografia) na unataka bayolojia chuo? Tuanze na kemia yako

Matokeo ya kidato cha sita yakishatoka tu, mwezi wa saba huo, simu yangu inageuka ofisi ya udahili. Mashangazi, majirani wa Kimara, mdogo wake na rafiki yangu, wote wanakuja na lilelile, "kaka huyu dogo bayolojia kafaulu vizuri, asome nini?" Na mimi niliesoma mambo hayo pale Mlimani, yaani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam (UDSM), kabla sijajibu chochote nauliza, kemia kapata ngapi?

Sio kwamba najifanya mjuaji. Ni kwamba kozi nyingi zenye harufu ya bayolojia zinaamuliwa na kemia, alafu watu wanaangalia jumla ya pointi tu wanaona zinatosha bas wanajaza. Kiwango cha chini cha TCU, tume inayosimamia vyuo vikuu, kwa waliotoka sita ni prinsipo mbili (ufaulu wa A hadi E kwenye somo) zenye jumla ya pointi 4.0, ambapo A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2, E ni 1. S, iliyo chini ya E, haihesabiki kama prinsipo. Kwahiyo mwenye D mbili kafika, mwenye C na E kafika, mwenye E mbili bado. Ila hizo prinsipo mbili lazima ziwe kwenye masomo ambayo kozi yenyewe inayataka, na hapo ndipo watu wanapoliwa.

Chukulia dogo wa CBG ana B ya jiografia, E ya bayolojia na S ya kemia. Pointi anazo 5, anatembea kifua mbele. Akijaza maikrobayolojia (elimu ya vijidudu kama bakteria) au molekyula bayolojia na bayoteknolojia hapati, kwasababu kule wanataka bayolojia pamoja na kemia. Huyohuyo akigeukia upande wa wanyamapori au mimea kuna kozi zinazopokea bayolojia na jiografia, anaweza akaingia vizuri tu. Matokeo ni yaleyale, tofauti ni alichojaza. Ndo maana nawaambia fungueni kile kitabu cha mwongozo cha TCU cha mwaka husika, kuna cha waliotoka sita na kuna cha wenye diploma, msome mstari wa sifa za kila kozi pamoja na idadi ya nafasi, maana kozi yenye nafasi chache ukiingia na pointi 4 za kubahatisha unashindana na watu wana 10 na kuendelea.

Jambo lingine, ukifika UDSM usihangaike kutafuta mlango ulioandikwa idara ya bayolojia, haupo. Kuna Botania (mimea), kuna Zuolojia (wanyama) na Uhifadhi wa Wanyamapori, kuna Molekyula Bayolojia na Bayoteknolojia ambako ndiko na maikrobayolojia inakaa, alafu wa samaki na viumbe wa majini wana skuli yao. Digrii hizi ni miaka mitatu. Na maisha yake hayafanani kabisa. Wa botania utamkuta ana rundo la magazeti ya zamani sio ya kusoma, anakandamizia majani aliyoyaleta toka porini yakauke yabandikwe kwenye karatasi na lebo yake, limetoka wapi, nani kachuma, tarehe ngapi. Wa maikro yeye yuko na visahani vya kuoteshea bakteria, akichafua kidogo tu pembeni ya moto anaanza upya kesho yake. Wa zuolojia anachora mdudu kwa penseli HB na ole wako upake kivuli, mchoro wa bayolojia hauna mambo ya kisanii. Kama hupendi kukanyaga tope la mikoko usikimbilie kozi za majini kwasababu tu unapenda bichi ya Kunduchi.

Na zuolojia sio simba na tembo peke yake jamani. Nchi hii malaria bado ipo, wanaofuga na kuchunguza mbu kwenye tafiti wengi ni watu wa wadudu, taasisi za utafiti wa afya kama Ifakara na NIMR zinaishi na kazi hizo. Wa mimea na bayoteknolojia wapo kwenye utafiti wa kilimo, pale Mikocheni kuna kituo kizima. Wa maikro wanaenda viwanda vya vinywaji na vyakula, wengine maabara za ukaguzi wa ubora. Ajira ni za kugombania, sitawadanganya.

Hapa sasa wazazi sikilizeni. Maikrobayolojia SIO maabara ya hospitali. Kufanya kazi maabara za afya kuna baraza la wataalamu wake linalosajili, na linataka mtu aliesomea maabara za afya, kama wanavyofundisha Muhimbili. Nimeshaona mtu kamaliza chuo na GPA (wastani wa alama) kali anapeleka barua hospitali anaambiwa cheti chako kizuri ila sio cha hapa, inauma. Kama ndoto yako ni koti jeupe la hospitali nenda kozi za afya moja kwa moja, na udaktari kule wanataka prinsipo tatu, fizikia, kemia na bayolojia, kwahiyo wa CBG hapo hata usipoteze hela ya fomu.

Ualimu watu wanaudharau sijui kwanini. Bayolojia na kemia, au bayolojia na jiografia, unasoma Mlimani au DUCE, chuo cha ualimu cha UDSM kilichopo Chang'ombe, na ukimaliza una masomo mawili ya kufundisha, shule binafsi hapa Dar zinatafuta walimu wa sayansi.

Wenye diploma nao wasikate tamaa, sifa ya jumla ni GPA isiyopungua 3.0 na ufaulu wa masomo manne ya kidato cha nne kuanzia D, ila diploma iwe inahusiana na kozi. Ya biashara haikupeleki maikrobayolojia.

Maombi unatuma chuo chenyewe, sio TCU kama zamani. Ukichaguliwa vyuo viwili au zaidi unatumiwa namba maalumu (code) ya kuthibitisha kimoja, usiikalie hadi dirisha lifungwe, na namba uliyojaza iwe yako, sio ya mjomba anaebadilisha laini kila mwezi. Mkopo unaombwa bodi ya mikopo kwa mfumo wao wenyewe, tofauti kabisa na chuo, na cheti cha kuzaliwa kinatakiwa kihakikiwe RITA, wakala wa serikali wa vizazi na vifo, hilo anza nalo hata kabla matokeo hayajatoka maana foleni ya dakika za mwisho mnaijua.