Kukaa kijijini Thailand: ya kujua kabla hujabisha hodi

Mae Kampong ya Jumamosi na Mae Kampong ya Jumanne ni vijiji viwili tofauti. Kijiji hiki kiko wilaya ya Mae On, kama kilomita 50 mashariki mwa jiji la Chiang Mai, kaskazini mwa Thailand, kwenye bonde la milimani lililo juu ya mita 1,000. Mwisho wa wiki, hasa msimu wa baridi, Wathai wenyewe hupanda huko kwa wingi, magari yanabanana kwenye njia moja nyembamba na mikahawa ya kando ya mto inajaa. Siku za kazi unasikia mto unavyotiririka. Kwa hiyo jambo la kwanza ni kalenda: fika Jumatatu, ondoka Alhamisi. Epuka Songkran, mwaka mpya wa Kithai wa tarehe 13 hadi 15 Aprili, na mapumziko ya Januari mosi, kwa sababu siku hizo kila mtu amerudi kwao na mabasi yamejaa.

Msimu una uzito kuliko kijiji chenyewe. Novemba hadi mwisho wa Januari ndio wakati mzuri wa kaskazini: mvua ni chache, mchana ni wa vuguvugu, usiku milimani baridi inaweza kushuka chini ya nyuzi 10. Nyumba ni za mbao zenye nyufa na hazina vipasha joto, basi beba sweta na soksi. Kuanzia Februari mpaka Aprili mashamba na misitu huchomwa, na moshi unatuama kwenye mabonde kwa sababu hewa haina pa kutokea. Kuna siku jua lenyewe linaonekana jekundu na macho yanawasha. Mwenye pumu asiende kabisa miezi hiyo, na mzima naye atapoteza mandhari aliyoifuata. Mvua ya Mei hadi Oktoba haina ubaya ukiikubali: mpunga ni wa kijani kibichi na wageni ni wachache, ila njia za udongo zinateleza na ruba wanapanda miguuni ukipita msituni. Chumvi kidogo kwenye kitambaa inawaondoa.

Nyaraka kwa ufupi. Mwenye pasipoti ya Kenya au Tanzania anaomba viza mtandaoni kabla ya kusafiri. Cheti cha chanjo ya homa ya manjano kinadaiwa kwa anayetoka nchi zetu, na chanjo iwe imetimiza siku 10. Tangu Mei 2025 kuna pia kadi ya kidijitali ya kuingia nchini, inajazwa ndani ya siku 3 kabla ya kufika, nayo ni bure. Tovuti inayokudai pesa kwa kadi hiyo si ya serikali.

Sasa nyumba. Vijiji vingi vinavyopokea wageni vina kikundi kinachogawa wageni kwa zamu, na sehemu ya malipo inaingia kwenye mfuko wa kijiji. Mae Kampong inaendesha hivyo tangu mwaka 2000. Maana yake ni kwamba huchagui nyumba kwa picha, na si vizuri kuomba uhamishiwe kwa jirani mwenye baraza zuri zaidi: unamnyima mtu zamu yake mbele ya majirani zake. Bei kwa kawaida ni mamia kadhaa ya baht, pesa ya Thailand, kwa mtu kwa usiku, pamoja na chakula cha jioni na cha asubuhi. Haipunguzwi. Piga simu au tuma ujumbe siku kadhaa kabla, useme mambo matatu: mko wangapi, mnafika saa ngapi, na nini hamli. Mama mwenye nyumba anakwenda sokoni mara moja tu. Ukimwambia habari ya chakula jioni mmeshakaa mezani, umechelewa.

Ukifika ataomba pasipoti yako aipige picha. Mpe. Sheria ya Thailand inamtaka mwenye nyumba amripoti mgeni kutoka nje ya nchi uhamiaji ndani ya saa 24.

Pesa taslimu ni lazima. Wenyeji hulipana kwa kuskani kwa simu, lakini njia hiyo kwa kawaida inataka akaunti ya benki ya Thailand, na vijiji vingi havina ATM. Toa pesa mjini, mara moja na za kutosha, maana kadi ya nje inakatwa ada ya baht 220 au zaidi kila utoapo. Kisha vunja noti za 1,000 dukani mjini. Kijijini unataka noti za 20, 50 na 100. Muuza tambi za baht 40 hana chenji ya elfu moja saa moja asubuhi.

Salamu haitakusumbua, kwa kuwa inaendeshwa na umri kama shikamoo. Mdogo ndiye anayeanza: unaunganisha viganja mbele ya kifua, unainamisha kichwa mpaka vidole vikaribie pua, unasema "sawatdi khrap" ukiwa mwanamume au "sawatdi kha" ukiwa mwanamke. Mzee atakuitikia kwa kuinua mikono kidogo. Mtoto akikusalimia hivyo, tabasamu na kutikisa kichwa kunatosha. Lakini kuna jambo moja la kwetu la kuliacha uwanja wa ndege. Kwetu mtu mzima humwekea mtoto mkono kichwani kama baraka. Thailand kichwa hakiguswi, hata cha mtoto, hata kwa mapenzi. Na mguu ni kinyume chake: hauelekezwi kwa mtu wala kwa sanamu ya Buddha, hausogezi kitu, hauruki aliyelala. Ukikaa chini, kunja miguu upande mmoja, nyayo nyuma.

Mgeni mweusi kijijini ataangaliwa. Watoto watakodoa macho, na bibi anaweza kukushika mkono au kuuliza habari za nywele zako. Mara nyingi ni udadisi mtupu, na salamu ukiianza wewe huvunja ukimya papo hapo. Asiyetaka kuguswa nywele arudi nyuma kidogo akitabasamu, ataeleweka.

Viatu vinabaki chini ya ngazi. Kizingiti hukikanyagi, unakivuka. Kitanda mara nyingi ni godoro jembamba sakafuni, chandarua juu yake. Bafu ni la pipa au tangi la maji na kata, choo ni cha kuchuchumaa au cha kukaa chenye mpira wa maji pembeni, kwa hiyo mtu wa Pwani yuko nyumbani kabisa. Karatasi, ukitumia, zinatupwa kwenye ndoo, kwa sababu mabomba ni membamba na yanaziba. Beba kanga au kikoi: bafu mara nyingi liko nje au chini ya nyumba, na kutoka bafuni umejifunga taulo fupi ukapita mbele ya baba mwenye nyumba ni aibu kwenu nyote. Oga kabla jua halijazama, maana baada ya hapo maji yanakuwa barafu.

Kuhusu saa, msemaji wa Kiswahili ana bahati. Wathai kijijini huhesabu saa za usiku kuanzia jua kuzama: "nueng thum" ni saa moja usiku yetu, "song thum" saa mbili, "sam thum" saa tatu. Mtalii mwingine anavuruga. Wewe hesabu yako ni hiyo hiyo mpaka saa tano usiku. Saa za mchana ndizo zinazotofautiana, basi hizo zionyeshe kwenye simu.

Chakula kinastahili maneno mengi, kwa sababu hapo ndipo mgeni anakubalika au anajitenga. Kaskazini na kaskazini-mashariki watu hula wali wa kunata, "khao niao", unaoletwa ndani ya kikapu kidogo chenye mfuniko. Unaula kwa mkono wa kulia, na mla ugali ataona ni rahisi mno, akakosea hapo hapo: anakata tonge kubwa. Wali huu umeshikana na unajaza tumbo haraka. Chomoa kipande cha ukubwa wa ncha ya kidole gumba, kifinyange kwa vidole vya mkono ule ule, chovya upande mmoja kwenye pilipili ya kusaga, kula. Funika kikapu kila unapochota, maana wali ukipigwa na hewa unakauka na kuwa mgumu, na wenzako bado wanakula. Ukiletewa wali wa kawaida, kijiko kiko mkono wa kulia na uma kazi yake ni kusukuma chakula kwenye kijiko. Uma hauingii kinywani. Mboga na nyama ziko katikati kwa wote. Chukua kijiko kimoja cha kitu kimoja, kula, ndipo uchukue kingine. Kurundika vinne kwa pamoja kunaonekana ni uroho.

Mezani utakuta "nam phrik num", pilipili mbichi za kuchoma zilizotwangwa na vitunguu, pamoja na mboga za kuchemsha. "Nam phrik ong" yenye nyanya na nyama ya nguruwe. Na mchuzi wa majani ya msituni. Vyote kula bila wasiwasi ikiwa vinaendana na dini yako. Hatari iko kwenye vibichi. "Laap" ni nyama iliyokatwakatwa na viungo, na kaskazini kuna wanaoila mbichi, pengine na damu. Nyama mbichi ya nguruwe inaweza kuleta maambukizi ya bakteria yanayoweza kumwacha mtu kiziwi au kumuua. Kaskazini-mashariki, Isan, samaki wabichi wa maji baridi hubeba minyoo ya ini, na minyoo hiyo ndiyo chanzo kikubwa cha saratani ya mirija ya nyongo katika eneo hilo. Sema "suk", yaani kilichopikwa, au omba "laap khua", ya kukaangwa. Kukataa kibichi si utovu wa adabu. Vijana wengi wa huko wenyewe wanakataa. Maji kunywa ya chupa au ya kuchemshwa.

Muislamu ajipange mapema. "Mai kin mu" maana yake sili nguruwe, lakini nyama yenyewe si tatizo pekee: mafuta ya nguruwe hukaangia mboga, na supu yake ndiyo msingi wa tambi nyingi. Omba mayai, mboga za kuchemsha na samaki wa kuchoma, na ubebe tende au kopo la samaki kwa akiba. Kibla ni magharibi, ikielekea kaskazini kidogo. Anayetaka kijiji tulivu bila mashaka hayo aache milima aende kusini, kisiwa cha Ko Yao Noi, kati ya Phuket na Krabi. Wakazi wengi ni Waislamu wavuvi na wakulima wa mpira, nyumba za wageni za kijamii zipo siku nyingi, na boti zinatoka gati ya Bang Rong, Phuket.

Usiku kijiji kinalala mapema, saa tatu taa zimezimwa. Asubuhi majogoo wanaanza gizani, kisha kipaza sauti kwenye nguzo kinatangaza habari za mkuu wa kijiji: mkutano, chanjo ya mbwa, msiba. Utulivu wa kijijini ndio huo, na aliyefuata ukimya wa hoteli atasononeka bure. Alfajiri hiyo hiyo watawa hupita peku wakipokea chakula. Ukitaka kutoa, mwambie mama usiku akuandalie. Vua viatu, inama, weka wali ndani ya bakuli bila kumgusa mtawa. Mwanamke awe mwangalifu zaidi, kwa kuwa mtawa haruhusiwi kuguswa na mwanamke. Baada ya adhuhuri watawa hawali, kwa hiyo chakula usiwapelekee jioni.

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, na Mae Kampong jembe lenyewe ni "miang", majani ya chai yanayochachushwa na kutafunwa na chumvi au tangawizi kama tambuu. Omba kufuatana na wavunaji. Mvunaji amevaa wembe mdogo kwenye kidole, anakata jani akiacha kipande kwenye kikonyo ili mti usidhoofike. Majani yanapangwa shadashada, yanafungwa kwa uzi wa mwanzi, yanapikwa kwa mvuke, ndipo yanafungiwa na kuachwa yachache siku kadhaa au miezi. Ukipewa utafune, anza na kidogo: ni chachu, na kama ilivyo chai, itakunyima usingizi ukila jioni. Kati ya Novemba na Februari kuna pia kuchuma kahawa, kazi ambayo Mkenya wa Nyeri au Mtanzania wa Moshi hahitaji kufundishwa, na mazungumzo yatakuja yenyewe.

Pikipiki za kukodi nazijadili kwa sababu zinaumiza wageni wengi. Upande wa barabara ni kushoto kama kwetu, lakini leseni yako na ile ya kimataifa lazima ziwe na daraja la pikipiki. Zisipokuwa nalo, bima hailipi. Skuta zisizo na gia zina hila kwenye mteremko mkali. Ukifunga mafuta kabisa na mwendo ukashuka sana, klachi inaachia, injini haikuzuii tena, na mzigo wote unabaki kwenye breki. Zikichemka, hazishiki. Shuka ukiwa umefungua mafuta kidogo, breki zote mbili kwa vipindi, na simama zipoe. Pasipoti usiiache kama dhamana, acha pesa.

Mbwa wa kijijini wanalinda nyumba. Usikimbie, simama, inama kama unayeokota jiwe, wengi wataondoka. Ukiumwa, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha nenda hospitali siku hiyo hiyo ukapate chanjo, kwa sababu kichaa cha mbwa kipo Thailand na dalili zikishaanza hakina tiba.

Gari la kurudi mjini lipange jana yake kupitia mwenye nyumba, kwa kuwa magari ya abiria ni machache na mengi hushuka mapema. Usipange ndege ya siku hiyo hiyo. Malipo mpe mama kwa mikono miwili kabla hujafunga begi, na kunja matandiko yako uyaache pembeni ya godoro.