Maswali yenu mwezi huu: chuma kinafikaje kwenye bahari ya barafu?

SWALI: Shikamoo mhariri. Mimi ni mama wa dagaa hapa Kibirizi, Kigoma. Juzi nikiwa naanika dagaa nikasikia redioni wanasema viumbe wa bahari za huko kwenye barafu wanategemea chuma ndio waishi. Nikashangaa, chuma si kinazama? Nikawauliza vijana wa mtumbwini wakanicheka tu. Naomba unieleweshe, ni chuma gani hicho na kinafikaje huko?

JIBU: Marahaba mama yangu. Hao vijana waambie wasicheke, maana hiyo "chuma si kinazama" yako ndio kiini cha habari yote.

Chukua msumari mpya, utumbukize kwenye chupa ya maji uache siku kadhaa. Utaona unga wa rangi ya kahawia umeshuka chini, ile kutu. Chuma kikikutana na maji yenye hewa hakikai kimeyeyuka, kinageuka kutu, kinajishikiza kwenye takataka kinashuka. Sisi Kigoma tunalijua hilo kupitia Liemba, ile meli kongwe ya Ziwa Tanganyika, Wajerumani walipoizamisha mwaka 1916 waliipaka injini grisi kwanza ili kutu isiile, ikakaa chini ya maji mpaka 1924 ikainuliwa, na 1927 ikarudi kazini. Sasa baharini hakuna wa kupaka grisi, kwa hiyo chuma kinashuka kila siku na maji ya juu yanabaki matupu. Ukijaza simtanki la lita 1,000 maji ya katikati ya bahari ya Antaktika, lile bara la barafu kusini kabisa mwa dunia, chuma kilichoyeyuka humo kwa kawaida hakifiki hata sehemu ya kumi ya miligramu moja. Mwilini mwako wewe peke yako mama una gramu tatu nne hivi.

Na kinahitajika kwa nini? Kule juu ya maji kuna vijimea vidogo sana, kwa macho huvioni, wataalamu wanaviita planktoni. Hivyo ndivyo majani ya bahari, vinaliwa na krili, yaani jamaa wa uduvi, na krili analiwa na pengwini, sili, nyangumi, karibu kila mtu. Vijimea hivyo bila chuma haviwezi kutengeneza ile rangi ya kijani ya kunasia jua. Ni kama mjamzito aliyepungukiwa damu, chakula kipo mezani lakini nguvu hana, ndio maana kliniki wanatoa vile vidonge vya kuongeza damu.

Zamani watu walikuwa wanaumiza kichwa, mbona bahari hiyo ya kusini ina mbolea tele ya naitreti, kiangazi jua linawaka karibu masaa 24, halafu vijimea vichache? Aliyelisimamia hilo ni John Martin, Mmarekani wa maabara ya Moss Landing kule California, mtu aliyeugua polio akawa anatembea kwa magongo. Shida ya kupima chuma baharini ni kwamba meli yenyewe ni chuma, kutu yake kidogo tu ikiingia kwenye sampuli umepata jibu la uongo, kwa hiyo yeye na wenzake walisafisha kila chupa na kila kamba kwa uangalifu wa kupitiliza, ndipo wakaona jinsi chuma kilivyo haba kule. Mwaka 1988 akasema mpeni chuma cha kujaza nusu ya meli naye atawapa enzi ya barafu, maana vijimea vikizidi vinavuta hewa ya ukaa na dunia inapoa. Alifariki 1993, miezi michache kabla wenzake hawajamwaga chuma baharini karibu na visiwa vya Galapagos kwa majaribio. Februari 1999 wakajaribu kwenye bahari ya kusini yenyewe, chini ya Australia, maji yakawa kijani, na wiki kadhaa baadaye setilaiti bado zilikuwa zinaliona lile doa. Mimi kila nikifika hapo namuonea uchungu yule mzee, hakuyaona.

Sasa kinafikaje. Kingine kinakuja na upepo, vumbi la nyanda kavu za Patagonia kule Argentina na la Australia, ingawa ni kidogo kwa sababu nchi kavu ziko mbali na Antaktika yenyewe imefunikwa barafu. Kingine kinatoka kwenye tope la chini karibu na visiwa, mkondo ukipita Kerguelen au Georgia Kusini unabeba chuma, na upande ule mkondo unakoelekea bahari inakuwa kijani kwa mamia ya kilomita. Kipo pia kinachotoka kwenye chemchemi za moto chini kabisa ya bahari. Na majira ya baridi dhoruba inakoroga maji ya chini yanapanda juu na chuma chake, kama huku kwetu upepo wa kusi unavyolikoroga ziwa kiangazi, mbolea iliyolala chini ikapanda.

Ila kinachonivutia mimi zaidi ni barafu. Usidhani ni maji safi yaliyoganda tu. Barafu ya nchi kavu inatembea polepole, na ikitembea inasaga mwamba chini yake kama jiwe la kusagia, ule unga wa mwamba una chuma na unagandia humohumo. Barafu ikimeguka inakuwa mlima unaoelea, unakwenda unayeyuka unadondosha unga njiani, na milima mikubwa setilaiti zinaiona ikiacha njia ya kijani nyuma yake. Tena hata barafu ya bahari yenyewe inayoganda juu wakati wa baridi inajikusanyia chuma, jua likirudi inayeyuka na kukiachia palepale vijimea vinapokihitaji.

Kuna mahali Antaktika panaitwa Maporomoko ya Damu, kwenye barafu ya Taylor, paligunduliwa 1911. Maji mekundu yanatiririka juu ya barafu nyeupe utadhani kuna mnyama amechinjwa. Mwanzoni walisema ni mwani mwekundu, kumbe ni maji ya chumvi yenye chuma kingi yaliyofungiwa chini ya barafu, yakitoka nje yakakutana na hewa yanapata kutu hapohapo. Yale yanaishia kwenye ziwa dogo la Bonney, hayafiki baharini, lakini ukiona picha yake utaelewa chini ya ile barafu kuna nini.

SWALI: Habari za kazi ndugu mhariri. Niko Sikonge, Tabora. Kiangazi huku moto wa msituni unaacha jivu mpaka kwenye mizinga yetu ya nyuki. Jivu nalo lina chuma?

JIBU: Salama ndugu yangu, poleni na moto. Ndiyo, linacho. Moto mkubwa wa Australia wa 2019 na 2020 ulirusha moshi na jivu maelfu ya kilomita mpaka bahari ya kusini, na kule lilikoanguka planktoni zikachanua eneo kubwa kuliko Australia yenyewe. Usichukulie hiyo kama ruhusa ya kuchoma, wale walipoteza misitu na wanyama wasiohesabika.

SWALI: Shikamoo. Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha tatu, Kasulu. Mwalimu alisema nyangumi wanarutubisha bahari, darasa zima likacheka. Ni kweli?

JIBU: Marahaba mwanangu, ni kweli, na mwalimu wako nampa heko. Nyangumi anakula krili, krili amejaa chuma, na nyangumi anajisaidia juu juu ya maji. Kinyesi chake ni kama uji wa rangi ya chungwa hivi, kinatawanyika palepale kwenye jua. Mwaka 2010 watafiti walikipima wakakuta chuma kimezidi cha maji ya bahari ya Antaktika kama mara milioni kumi. Yaani chuma kilichokuwa kinaelekea kuzama kinarudishwa juu, vijimea vinakila, krili anakila, kinazunguka tena. Halafu fikiria karne ya 20 meli za kuwinda ziliua nyangumi zaidi ya milioni mbili kusini mwa dunia, wale wa bluu wa Antaktika wakabaki hata asilimia moja hawafiki. Walidhani wanachukua mafuta tu, kumbe wanaondoa na mbolea. Uwindaji wa kibiashara ulisimamishwa 1986, na wale wenye nundu sasa wanarudi kwa wingi.

SWALI: Mhariri, ni mvuvi wa Ujiji. Kwa hiyo tukimwaga vyuma chakavu ziwani dagaa wataongezeka?

JIBU: Hapana kaka, tafadhali usimwage. Ziwa limezungukwa na udongo mwekundu, na wekundu ule ni chuma, kila masika mto Luiche unauleta wenyewe. Tena sasa unazidi, kwa sababu milima imelimwa na miti imekatwa, tope linafunika yale mawe ambayo samaki wanazalia. Ukitaka kusaidia dagaa anzia huko mlimani, acha miti kando ya mto.