Ikombe, mlima unapoingia ziwani

Mhariri, wiki hii mmeuliza: mtu akitaka ufukwe usio na watu wengi, aende wapi? Najua wengi watataja Bahari ya Hindi. Sisi wa Mbeya tuna Ziwa Nyasa, na jibu langu ni Ikombe.

Ufukwe wa Matema, kule Kyela, mnaujua: mchanga mrefu, nyumba za wageni, wali wa Kyela na samaki. Gari linaishia maeneo hayo, na wageni wengi nao wanaishia hapo. Ikombe iko mbele ya Lyulilo, kijiji jirani na Matema, upande wa mashariki, ambako Milima ya Livingstone inashuka moja kwa moja mpaka majini. Mimi hufika kwa mtumbwi au kwa miguu, kwa njia ya mawe inayopanda na kushuka. Napendelea mtumbwi, tena asubuhi, kabla upepo haujaamka. Kati ya Mei na Agosti upepo wa kusini ukishika, ziwa linachafuka haswa. Mwenye mtumbwi akikwambia leo haiwezekani, usimbembeleze wala usimwongezee hela.

Mchanga laini usiutarajie. Ni miamba na kokoto, na hapa na pale kipande cha mchanga cha kutosha familia moja. Ukuta ule wa mlima ni ukingo wa Bonde la Ufa, nao unaendelea chini ya maji, ndiyo maana kina kinaanza ghafla: hatua chache tu, miguu haigusi kitu. Katikati huko ziwa lina kina cha kufika mita 700 hivi. Asiyejua kuogelea aketi kwenye kokoto. Anayejua avae miwani ya kuogelea achungulie penye mawe, aone visamaki vya bluu, vya njano, vyenye milia. Ziwa hili lina mamia ya aina za samaki wasiopatikana kwingine duniani. Midomo ya mito iepukeni, mamba wapo. Kichocho nacho kipo, kwa hiyo mkirudi mkapime (matangazo ya utalii hayawaambii hilo).

Kinachonirudisha mimi ni vyungu. Ikombe ni kijiji cha Wakisi, na kinamama wa pale wanafinyanga kwa mikono mitupu vyungu vyepesi ambavyo Mbeya nzima tunapikia maharage. Jumamosi wanavipakia kwenye mitumbwi kwenda soko la Lyulilo. Kaa pembeni ya mfinyanzi hata saa moja, umtazame anavyolainisha ukingo, halafu ununue bila kupigania mia mbili.

Safari moja nilimsifia mama mmoja utulivu wa kwao. Akacheka, akaniuliza: mjamzito akishikwa uchungu usiku na ziwa limechafuka, huo utulivu utamfikisha hospitali? Wao wanataka barabara. Sikuwa na la kumjibu, na kusema kweli siwezi kuwaombea wakae hivyohivyo ili mimi nipate pa kupumzikia.

Barabara ikifika, nitahamia kusini zaidi, upande wa Ludewa. Ufukwe wa Nyasa unaendelea mpaka Lupingu na Manda, na huko nako milima iko karibu na maji.