Takwimu zangu ni sahihi, mbona hazimgeuzi mtu?

SWALI: Mimi ni mchambuzi wa takwimu. Kwenye mjadala wa hadhara kuhusu kupunguza mwendo wa magari mitaani, nilionyesha grafu ya vifo vya miaka 10. Akasimama dereva mmoja: "Nimeendesha miaka 20, sijagonga hata kuku." Ukumbi mzima ukampigia makofi. Je, niache namba nitafute visa?

JIBU: Usiziache. Ila grafu yako inasema wamekufa wangapi, haisemi wanakufaje. Pengo hilo kila msikilizaji hulijaza kwa lake: barabara mbovu, walevi, watoto wasioangalia.

Jaribu hivi. Magari mawili yako sambamba, moja linakwenda kilomita 30 kwa saa, la pili 50. Mtoto anakatiza mbele. Tuseme kila dereva anachukua sekunde moja mpaka mguu ufike kwenye breki. Kwenye lami kavu, gari la 30 litakula mita 8 kabla ya breki na 5 hivi baada yake. Kwenye mita ya 13 limesimama. Lile la 50 linapita hapohapo na dereva wake hajagusa breki bado. Chora kwa chaki sakafuni, watu waikanyage. Bwana wa kuku hatakuwa na la kupinga, maana hujamwita dereva mbaya. Umempimia sekunde yake tu.

Hilo la kutomwita mbaya, sisi watu wa namba hulidharau. Mwaka 1847, katika hospitali moja ya Vienna, daktari Ignaz Semmelweis aliwataka madaktari wanaotoka kupasua maiti wanawe mikono kwa maji ya klorini kabla ya kuzalisha. Wodini kwake, vifo vya wazazi vilikuwa zaidi ya 11 katika kila 100 mwaka 1846. Mwaka 1848 vilikuwa 1 na ushei. Utake namba gani tena? Wenzake wengi walimkatalia. Hakuweza kueleza ni nini hasa kinachobebwa na mikono, kwani elimu ya vijidudu ilikuwa haijasimama, na kumkubali kulikuwa sawa na kukiri kwamba wao ndio waliokuwa wakiua.

Halafu namna ya kuitamka namba. Mwaka 1995 Uingereza ilitangazwa kwamba aina fulani za vidonge vya uzazi wa mpango huongeza maradufu hatari ya damu kuganda. Ni kweli, lakini kwa hesabu ya vichwa ni kutoka mwanamke 1 hadi 2 katika kila 7,000. Wengi waliviacha kwa hofu, na mimba zilizotolewa zikaongezeka. Kwa hiyo taja watu, na utaje ni kati ya wangapi. "Maradufu" itakupa ukumbi leo. Kesho mpinzani akipiga hesabu, umeumbuka.

Visa navyo tumia, mradi kisa kifuate namba zako badala ya kuzikimbia. Ukimpata dereva aliyekuwa akipinga kisha akageuka, mwachie kipaza sauti, wewe kaa. Aeleze mwenyewe kilichomgeuza. Yaelekea haitakuwa grafu yako.