Yona kwenye mtumbwi wa dagaa

*Muulize Bibi maana ya jina lako*

Swali: Shikamoo bibi. Mimi ni mvuvi wa dagaa hapa Ilemela. Nilibatizwa Yona, jina la babu mzaa baba. Juzijuzi ziwa lilichafuka usiku, tukapoteza wavu na taa mbili. Tangu hapo wenzangu wanasema dhoruba nimeileta mimi, na tajiri wa mtumbwi kaniambia nijiite jina lingine au nibaki nchi kavu. Jina hili lina maana gani hasa? Lina mkosi?
— Yona, Ilemela

Jibu: Marahaba mjukuu wangu. Pole kwa wavu, bei zake nazijua.

Yona ni jina la Kiebrania, na maana yake ni njiwa. Humo ndani hamna wimbi wala samaki. Ni njiwa yule yule wa Nuhu, aliyerudi safinani jioni na jani bichi la mzeituni mdomoni. Yaani njiwa ndiye aliyeleta habari kwamba maji yamepungua! Mwambie hivyo tajiri wako.

Mwenye jina ni Yona mwana wa Amitai, mtu wa Gath-heferi kule Galilaya, nabii wa enzi za mfalme Yeroboamu wa pili, karne ya 8 kabla ya Kristo. Soma 2 Wafalme 14:25. Pale anatabiri mipaka ya Israeli irudishwe, na ikarudishwa; dhoruba hakuna. Dhoruba ilikuja alipotumwa Ninawi, mji ambao magofu yake yako Mosul, Iraki, naye akateremka Yafa akalipa nauli ya kwenda Tarshishi. Alikuwa akiitwa Yona siku zote hizo. Kilichowaponza mabaharia ni abiria aliyetoroka kazi, na wewe kazi unaililia.

Tena wenzako wasome na kitabu cha Yona, sura ya kwanza, mstari wa 13. Kura imeshamwangukia, mwenyewe ameshasema mnitupe baharini, na bado wale mabaharia wakavuta makasia kwa nguvu wajaribu kurudi nchi kavu. Watu wasiomjua Mungu wake, wakamhurumia mgeni. Ninyi mmekula ugali sahani moja msimu mzima.

Halafu kuna hili. Kwenye mwalo wenu hakosi Yunusi. Jina ni hilo hilo, kwa Kiarabu; Kurani ina sura ya 10 yenye jina lake, na mahali pengine anaitwa Dhun-Nun, mwenye samaki. Mbona Yunusi wenu haambiwi ashuke? Hata Petro, mvuvi kama wewe, katika Mathayo 16:17 Yesu anamwita Simoni Bar-yona, mwana wa Yona. Na sisi Wasukuma tuna kina Mabula, waliozaliwa mvua ikinyesha. Sijasikia daraja limesombwa akakamatwa Mabula.

Dhoruba yenyewe ina sababu yake. Mchana nchi kavu hupata joto, upepo ukavuma kutoka ziwani. Usiku hugeuka: upepo unashuka kutoka Mwanza, Bukoba, Musoma, Uganda na Kenya, unakutana katikati ya ziwa, hewa yenye unyevu inapanda na kuwa mawingu ya radi. Ndiyo maana radi za ziwani ni za usiku kuelekea alfajiri, saa zile zile mnapokuwa mmewasha taa kungoja dagaa wapande. Tajiri anayeogopa dhoruba anunue jaketi okozi za kuwatosha wote mtumbwini, na asikilize utabiri wa hali ya hewa kabla hamjasukuma mtumbwi majini.

Ukibadili jina leo, kesho utaanza kuhangaika na cheti cha kuzaliwa, kitambulisho cha NIDA na laini ya simu, na siku ziwa likichafuka tena watatafuta mwingine. Baki na la babu yako. Tajiri akikukatalia kabisa, mialo ni mingi, kuanzia Kirumba hadi Ukerewe.

Swali: Bibi, naweza kumpa binti yangu jina Yona? Mama mkwe anasema ni la kiume tu.
— Mama mtarajiwa, Nansio

Jibu: Mpe. Katika Biblia ni la mwanamume, lakini Israeli ya leo wapo wanaume na wanawake wanaoitwa hivyo. Mama mkwe mpe nafasi ya kuchagua la pili.