Maswali na Majibu: Kompyuta Inayopoteza Kasi Ikipata Joto

SWALI: Mhariri, kompyuta yangu ya mapakato ina umri wa miaka minne. Ninapohariri video, dakika kumi za mwanzo inakwenda vizuri, kisha feni inavuma kwa nguvu na kasi ya prosesa, ile chipu inayoendesha kazi zote za kompyuta, inashuka kutoka gigahezi 3 hadi chini ya 1. Nimeshaweka Windows upya mara mbili bila mafanikio. Je, prosesa imeharibika?

JIBU: Dalili unazozieleza ni za prosesa inayojilinda, si iliyoharibika. Prosesa nyingi za kompyuta za mapakato zina kikomo cha joto kilicho karibu na nyuzi 100 za Selsiasi, na zikikikaribia hupunguza kasi zenyewe ili joto lishuke. Lisiposhuka, kompyuta hujizima. Kuweka Windows upya, basi, kulikuwa ni kumpa dawa asiyeumwa.

Hata hivyo, usikimbilie bisibisi. Weka kwanza programu ya kupima joto, kama vile HWiNFO, ambayo ni ya bure, uangalie joto na kasi kwa pamoja wakati unahariri. Zipo kompyuta zinazokwama kwenye gigahezi 0.4 au 0.8 ilhali joto ni nyuzi 50 tu. Hizo haziumwi joto, na mara nyingi kisa ni chaja ambayo kompyuta imeshindwa kuitambua, au betri iliyochoka.

Ukiona joto kweli linafika nyuzi 95 na kuendelea, chunguza linapanda kwa mwendo gani, kwa kuwa mafundi wengi hulipuuza jambo hili. Likiruka ndani ya sekunde chache baada ya kazi kuanza, na kuporomoka mara kazi inaposimama, maana yake halivuki vizuri kutoka kwenye prosesa kwenda kwenye bamba la shaba lililoikalia, na hapo hufutwa ile krimu ya kupitisha joto iliyokauka na kupakwa nyingine. Likipanda polepole kwa dakika kadhaa, kama kwako, linavuka lakini halipati njia ya kutoka nje. Ninachokishuku kwanza ni vumbi.

Vumbi hilo huwezi kuliona kwa nje. Hujikusanya kati ya feni na vibati vyembamba vya kupozea, likashikamana kama kipande cha blanketi, na ukipuliza kupitia matundu ya ubavuni unalirudisha tu kwenye feni. Zima kompyuta, chomoa chaja, fungua kifuniko cha chini, tenganisha waya wa betri, ndipo uinue feni na kuubandua utando huo kwa kibano au brashi laini. Ukitumia hewa ya kopo, yashike mapanga ya feni kwa kidole, kwani yakizungushwa kupita kiasi beringi huweza kuharibika.

Kabla hujapata nafasi ya kuifungua, unaweza kuingia kwenye mipangilio ya umeme ya Windows na kuweka kiwango cha juu cha prosesa kuwa asilimia 99, jambo ambalo katika kompyuta nyingi huizuia kuvuka kasi yake ya msingi. Utapoteza kasi kidogo, lakini haitashuka ghafla katikati ya kazi. Usiitumie juu ya godoro pia, maana matundu yake ya kuvutia hewa yako chini.

Ukimaliza kusafisha, hariri video ileile huku HWiNFO ikiwa wazi. Joto likibaki palepale na feni ikikwaruza au kusitasita, badilisha feni.