Kabla hujachora grafu ya biashara ya Hong Kong

Wadogo zangu mnaoanza tasnifu za bandari za kikoloni, nianze na aibu yangu. Nikisoma shahada ya uzamili nilikaa wiki mbili nachora grafu ya biashara ya China kutoka majedwali ya forodha. Mstari ulipanda taratibu, ukafika 1887, ukaruka. Nikajaza kurasa nne nikieleza mruko ule: bei ya hariri, soko la Ulaya, na mengine ya kubahatisha. Msimamizi akazungushia 1887 kwa kalamu nyekundu, akaandika pembeni: "Nani alikuwa anahesabu?"

Waingereza waliitangaza Hong Kong bandari huru 1841. Mahali ambapo mzigo hautozwi ushuru, hakuna karani anayehangaika kufungua kasha na kuandika kilichomo. Ndiyo maana tarakimu zake tunazisaka kwa jirani, kwenye Forodha ya China iliyoongozwa na Robert Hart tangu 1863. Lakini watu wa Hart walihesabu meli za kigeni. Majahazi ya Kichina yalikuwa chini ya forodha ya wenyeji, na hayo ndiyo yaliyosheheni afyuni na bidhaa nyingine kuelekea vijiji vya pwani.

Kuanzia 1868 wakuu wa Guangdong, jimbo la China linalopakana na Hong Kong, wakaweka boti za ushuru kuzunguka kisiwa, wafanyabiashara wakalalamika kwamba wamezingirwa. Makubaliano yakaja 1886, na mwaka uliofuata Hart akafungua vituo vya forodha vya Kowloon na Lappa, cha kwanza ng'ambo ya kisiwa cha Hong Kong, cha pili kando ya Macau. Majahazi yakaanza kuingia kwenye vitabu vyake. Kilichokua ghafla ni daftari.

Mtego wa pili ni neno "kutoka Hong Kong". Kitambaa cha Manchester na mchele wa Saigon viliandikwa vivyo hivyo kwa kuwa vilipitia huko. Usithubutu kuujumlisha mzigo huo wote kwa Uingereza. Halafu fedha: taeli ya forodha, kipimo cha thamani kwenye majedwali hayo, ilikuwa ya madini ya fedha, na kufikia 1910 ilinunua chini ya nusu ya pauni ilizonunua mwanzoni mwa miaka ya 1870. Safu inayopanda kwa taeli huenda inazama kwa pauni. Uzito hausumbui sana. Pikuli, kipimo cha uzito kwenye majedwali, ni kama kilo 60, karibu frasila nne.

Wengi mnakimbilia reli ya kutoka Kowloon hadi Guangzhou, mji mkuu wa Guangdong, maana treni ina mvuto. Sehemu ya Waingereza ilifunguliwa tarehe 1 Oktoba 1910, na ile ya China hadi Guangzhou 1911. Tazama ramani kwanza: njia ya maji hadi Guangzhou ipo palepale, na meli za mto zilibeba shehena kwa nauli nafuu. Reli ikabaki kuwa ya abiria zaidi. Tena haikuunganishwa na njia ya kwenda Hankou, mji wa katikati ya China, hadi 1937, vita na Japani vilipoanza. Hapo silaha zikapita kwa wingi, mpaka Guangzhou ilipoanguka Oktoba 1938.

Ukifika kwenye hifadhi ya nyaraka, soma kwanza maelezo ya mkuu wa kila kituo, ndipo ufungue majedwali. Mimi niliyaruka kwa sababu hayakuwa na tarakimu.